Mzinga Uliotazama Jua

Watu wa Mbooni wana ugonjwa mmoja usio na dawa: hawaamini kwamba duniani kuna mlima mwingine. Mwambie mtu wa Mbooni habari za mlima wenye theluji, naye atakuuliza kama huko maboga huota nyuma ya jikoni bila kupandwa. Muthoki alikuwa na ugonjwa huo, tena wa kulazwa. Alizaliwa juu ya Tawa, pale barabara inapoanza kupanda kwa kona na ukungu unapoanza kushuka, akaolewa kona chache tu mbele, akazaa huko, akamzika mume huko. Hadi nywele zinamgeuka nyeupe hakuwa amewahi kulala mahali asiposikia maji yakiteremka msituni.

Kilichomng'oa ni kifua. Ule ukungu alioupenda ndio uliokuwa ukimmaliza. Kila Julai pumu ilimkaba, na mwaka huu ilimkaba hadi akabebwa kwa machela kuteremshwa Tawa. Daktari hakuzunguka. Alimwambia mwanawe, Ben, kwamba mama huyu akipitisha baridi nyingine kule juu, familia ijiandae. Ben ana duka la dawa za mifugo Zombe, mashariki ya Kitui, ambako joto haliombwi. Akaja na pikapu, akapakia kitanda, masanduku na kuku. Mama akakataa kupanda mpaka mzinga wa babake upakiwe.

"Mwaitu, huo mzinga una nyuki?" Ben alimuuliza mamake, maana hakutaka kuendesha gari na nyuki mgongoni.

"Hauna. Walihama kitambo."

"Sasa ni wa nini?"

"Hata wewe ulihama kitambo, na bado nakuita mwanangu. Pakia."

Ulikuwa gogo la muvuti, refu kama mtoto wa shule, lililochimbwa ndani na kuzibwa kwa vibao huku na huku, kibao kimoja kikiwa na matundu ya nyuki kupitia. Aliuchonga Nthiwa, babake Muthoki, na ubavuni akauchoma kwa chuma cha moto uvano wake, alama ya ukoo ambayo kila mfugaji wa nyuki huko huiweka ili mzinga ujulikane hata ukiwa peke yake msituni. Nthiwa hakujaliwa mtoto wa kiume. Alipozeeka magoti alimfundisha binti yake kazi yote, na alama akamwachia. Wazee walipomwambia mizinga si kazi ya mwanamke, aliwajibu kwamba hajawahi kuona nyuki akiuliza mtu kama amevaa suruali.

Walifika Zombe mwezi wa Agosti, wakati mbaya kabisa wa mgeni kufika. Nyuma ya nyumba ya Ben kuna kilima wanachokiita Kavumbu, mdogo wa milima ya Mutitu inayoonekana upande mmoja, na wa Endau inayoonekana upande mwingine ikiwa bluu kwa mbali. Muthoki alishuka kwenye pikapu, akajinyoosha kiuno, akaangalia juu. Kilima chote kilikuwa kijivu. Miti ilisimama bila jani hata la kufunika aibu, na kati yake mawe makubwa yaling'aa kwa jua.

"Nani alichoma huu mlima?" aliuliza.

"Haujachomwa, Mwaitu," alisema Kanini, mke wa Ben. "Ni kiangazi tu."

Muthoki hakushawishika. Kwao mti usio na majani ni kuni, na yeye aliona ameletwa kuishi chini ya mzigo wa kuni. Usiku alipolala hakukohoa hata mara moja. Wala hakulishukuru hilo, kwa sababu masikio yake yalikuwa yakitafuta maji.

Siku zilizofuata kifua kilifunguka kama mlango uliotiwa mafuta, lakini uso ulizidi kufunga. Kanini alimpikia muthokoi, mahindi ya kukobolewa, wenye kunde nyingi, akamwekea kiti mahali penye upepo, akamwita jirani mmoja baada ya mwingine aje amsalimie. Muthoki aliwasalimu wote kwa adabu na akawahesabu wote kuwa watu wa mbali. Jioni moja, chakula kikiwa mezani na Ben akiwa ameshamaliza kuomba, alitoa tangazo.

"Kwetu, mtu akihamia mahali hutundika mzinga. Nyuki wakiingia, mahali pamemkubali. Wakikataa mpaka mvua ikatike, pamemkataa, na mtu hakai mahali palipomkataa. Nitatundika wa baba. Wasipoingia kabla ya Krismasi, Ben, utanirudisha Mbooni."

Ben alizaliwa Mbooni ileile na hakuwahi kusikia mila hiyo. Alishuku kwamba mamake aliitunga njiani, mahali fulani baada ya kuvuka mto Athi. Hakukosea sana. Muthoki alikuwa amesikia kitu kinachokaribia hicho kutoka kwa babake, na palipopungua akajazia mwenyewe. Lakini neno lililosemwa mbele ya chakula kilichoombewa si neno la kuchezea, na alipolitamka tu alijua limemfunga hata yeye. Kanini aliingia jikoni akalia kimya juu ya sufuria. Alikuwa amefiwa na mama akiwa msichana, na huyu alimpenda. Alijua vizuri daktari alisema nini kuhusu baridi nyingine.

Kesho yake Muthoki alienda dukani kwa Nadifa kutafuta ubani wa kupaka ndani ya mzinga, kwa maana nyuki hawaingii nyumba yenye harufu ya upweke. Nadifa alikuja Zombe kama bibi harusi kutoka Garissa, na sasa anauza nguo, sukari, ubani na habari, habari zikiwa bure.

"Mama Ben, unataka kufuga nyuki huku?" alisema akimpimia. "Basi tafuta mzee Ndululu. Huyo Kavumbu yote ni kama shamba lake. Bibi yake alikufa, watoto wako Nairobi, yeye amebaki kuongea na nyuki."

"Sitafuti mzee. Natafuta ubani."

"Haya, wallahi sijasema kitu. Na uipe Zombe muda, Mama. Mimi mwaka wa kwanza nililia kila siku. Nilikuwa naona huu mlima kama ukuta."

"Na sasa?"

"Sasa nikienda Garissa, macho hayana mahali pa kuegemea."

Muthoki aliweka ubani kwenye mfuko na kusema kwamba ukuta ni ukuta.

Alipata mti wa muuku ulioinamia jabali, tawi lake likiwa karibu kiasi kwamba mwanamke mwenye akili na kijiti chenye ndoana hahitaji kupanda. Akautundika mzinga, na mlango wake akauelekeza mashariki, kule Endau. Ndivyo babake alivyomfundisha: mlango utazame jua linapotoka, ili nyuki wapate joto mapema na waende kazini kabla ya majirani. Alipomaliza alirudi nyuma, akauangalia, na kwa mara ya kwanza tangu aje alijisikia kama mtu mwenye anwani.

Baada ya siku chache alirudi kuangalia. Mlango ulikuwa unatazama machweo.

Alidhani ni upepo. Akaugeuza, akakaza kamba. Aliporudi tena ulikuwa umetazama machweo, na kamba ilikuwa imefungwa upya, vizuri kuliko alivyoifunga yeye. Upepo haufungi kamba. Nyani naye hafungi. Muthoki alisimama pale damu ikimchemka. Mzinga wenye alama hauguswi na mtu usiyemhusu. Hata mtoto mtundu anayeiba maembe anajua hilo. Ng'ombe wa mtu unaweza kumfukuza shambani mwako, lakini mzinga wake ukiukuta njiani unapita ukiinamisha macho. Akaugeuza kwa hasira. Wiki iliyofuata ukawa umegeuzwa tena. Mchezo ukaendelea hivyo Septemba yote, yeye akiuelekeza mawio na mkono usiojulikana ukiurudisha machweo. Ilikuwa kama watu wawili wanaogombania blanketi.

"Hata kabla ya nyuki kunikataa, watu wamenikataa," alimwambia Kanini. "Ni afadhali ukungu uniue. Ukungu hauna dharau."

"Mwaitu, usiseme hivyo."

"Nimesema. Lakini kwanza nitamwona uso."

Alipanda asubuhi na chupa ya chai, akakaa nyuma ya jabali. Alikaa mpaka chai ikawa inataka kupashwa moto. Hakukuwa na shida ya kuni. Kilima chote kilikuwa kuni. Akashika tawi la mti mmoja wenye gome linalobanduka kama karatasi, akalivunja, na likatoa utomvu. Ulimtiririkia vidoleni, mweupe, wenye harufu ya dukani kwa Nadifa. Alikuwa bado anautazama mkono wake aliposikia sauti.

"Mama, huo mti ulikukosea nini?"

Alikuwa mzee mwembamba mwenye kofia ya kanisani na fimbo ndefu yenye panda mwishoni. Muthoki akajifuta mkono kwenye leso.

"Nilidhani umekufa."

"Umelala." Mzee alisogea, akakwaruza shina kwa ukucha. Chini ya lile gome la kijivu palikuwa na kijani kibichi kama cha ndizi. "Yote hii imelala. Kiu ikija inatupa majani, inafunga mlango, inangoja. Ukiona mti wa huku uko na majani mengi mwezi wa tisa, jua unakunywa maji ya mtu."

Muthoki alikwaruza mti wa pili, akakuta kijani. Akakwaruza wa tatu. Aliona haya mbele ya kilima kizima. Alikuwa amekisema vibaya tangu Agosti, na kilima kilikuwa kimemsikia kikiwa macho.

Lakini haya haikudumu, kwa sababu mzee alimpita, akaenda hadi chini ya muuku, akainua fimbo yake yenye panda, na kuanza kuuzungusha mzinga.

"Weka hiyo fimbo chini!"

Mzee aligutuka, nusura mzinga umwangukie.

"Ni wewe!" Muthoki alisema. "Mtu mzima, na kofia ya kanisa! Kwenu hamjafundishwa mzinga wa mtu haushikwi?"

"Wa mtu?" Mzee naye akapandisha sauti. "Huu si wa mtu. Huu ni wa ukoo wetu. Nimeona uvano na macho yangu. Ni wa Mutie, kijana wa ndugu yangu, yule hajui mbele wala nyuma ya mzinga. Kila nikimrekebishia anaharibu tena. Nimemtumia meseji mara ngapi, anasema hajui ninaongea nini!"

"Mimi ndiye Mutie wako. Mimi ndiye sijui mbele wala nyuma. Huo mzinga ulichongwa na baba yangu, na uvano ni wa baba yangu, Nthiwa, wa Mbooni."

Mzee alishusha fimbo. Alitazama ile alama ubavuni, kisha akamtazama Muthoki, kisha alama tena. Alipozungumza sauti ilikuwa imeshuka.

"Nthiwa wa Mbooni upande gani?"

"Juu ya Tawa. Kwa chemchemi."

"Na babu yake?"

Muthoki alitaja babu, na babu wa babu, kwa jinsi alivyofundishwa akiwa mtoto. Mzee alikuwa ameanza kuitikia kwa kichwa kabla hajamaliza. Alimwambia kwamba babu yake yeye, huyo aliyekuwa wa kwanza kutundika mzinga Kavumbu, alikuwa akisema watu wao walishuka Mbooni zamani kwa njaa, wakavuka Athi wakiswaga mbuzi, na kitu pekee walichobeba kisichoweza kuliwa kilikuwa kile chuma cha kuchomea alama. Akamshika mkono, akampeleka nyuma ya jabali hadi kwenye mti wa pili na wa tatu. Mizinga yake ilining'inia humo, ya mti wa mukau, na ubavuni mwa kila mmoja palikuwa na alama ileile. Mistari yake ilikuwa imenyooka zaidi, lakini haikuwa nyingine.

Mzee akavua kofia. "Mwiitu wa asa," alisema. Binti wa baba yangu. Ndivyo mtu wa huko anavyomwita dada wa ukoo wake. "Mimi ni Ndululu. Nisamehe. Nilijua nashika kitu chetu."

Tangu Nthiwa azikwe hakuna mtu aliyemwita Muthoki binti wa yeyote. Alikuwa mama wa Ben, mkwe wa Kanini, bibi wa marehemu. Alikaa kwenye jabali, akalia, na hakujisumbua kuficha. Ndululu alimimina ile chai iliyopoa, akampa, akageuka kuangalia Endau kwa adabu mpaka akamaliza.

Nadifa, aliyekuwa na mipango yake kuhusu wale wajane wawili, alipopata habari kwamba ni ndugu alipiga meza ya duka kwa kiganja. "Biashara imekufa," alimwambia Kanini.

Undugu haukumaliza ubishi, uliupa ruhusa. Ndululu alisema mlango utazame machweo, kwa sababu huku jua halitafutwi, linakutafuta lenyewe, na upepo wa mashariki unaleta vumbi la nyika yote mpaka Tana. Muthoki alisema baba alisema mawio. Ndululu akasema baba alisemea Mbooni. Wakanuniana siku kadhaa. Kisha Ndululu akaja mpaka nyumbani kwa Ben asubuhi mapema, akasema anataka kumwonyesha dada yake kitu, kama kifua kinaruhusu.

Walipanda polepole, wakipumzika kila palipokuwa na jiwe la kukalia. Njiani alimtajia miti: huu muuku, dawa yake ni gome; huu mukau, mchwa hawauwezi; ule kithulu, nao si mgeni, hata Mbooni uko. Walipokaribia kileleni Muthoki alisimama. Hewa ilikuwa imebadilika. Kwenye ukingo wa mwamba, upande usiopigwa na jua, palikuwa na miti iliyovaa majani, si mingi, kama kusanyiko la kanisa dogo, na matawi yake yalikuwa na ndevu za kijivu zilezile zinazoota kwenye miti ya kwao. Ukungu mwembamba ulikuwa umekaa kati ya mashina. Ulikuwa tayari unaondoka, maana jua lilikuwa limepanda, lakini ulimgusa usoni. Alivuta pumzi, akangoja kukabwa. Hakukabwa.

"Unakuja asubuhi kidogo tu," alisema Ndululu. "Unaipatia miti maji kidogo, unaenda. Hauingii kwa kifua ya mtu."

Muthoki alisimama pale mpaka ukungu ukaisha. Waliposhuka na kufika kwenye muuku, aliomba ile fimbo yenye panda, akaugeuza mzinga mwenyewe, mlango ukatazama machweo. Ndululu aliangalia mawingu kama mtu asiyeona kitu. Ile ilikuwa heshima kubwa.

Mvua ilikuja Novemba. Muthoki alikuwa amehadithiwa lakini hakuwa ameamini: siku chache tu baada ya mvua ya kwanza kilima kilivaa kijani kuanzia chini mpaka juu, miti iliyokuwa mifupa ikafunikwa majani laini, na muuku ukatoa maua meupe yenye harufu inayofika hadi dukani. Makundi ya nyuki yalipita angani yakivuma. Yaliingia kwenye mizinga ya Ndululu moja baada ya jingine. Kwenye mzinga wa Nthiwa walikuja wapelelezi wachache, wakaingia, wakatoka, wakaenda zao. Muthoki aliupaka ubani tena. Akaufukizia. Akauombea, jambo ambalo hakumwambia mchungaji. Disemba ilifika na mzinga ukabaki mtupu.

"Mwaitu, ni mzinga tu," Ben alisema. "Gogo ni mzee. Nyuki wa huku hawajui hiyo mti ya Mbooni."

"Nilisema mbele ya Mungu na mbele ya ugali. Ungetaka mama yako awe mtu wa kusema na kurudisha?"

Ukweli ni kwamba moyo wake ulikuwa umegawanyika, na hilo ndilo lililomtia uchungu. Angekuwa bado anakichukia Kavumbu angefunga mizigo akiimba. Sasa alifunga akisimama kila mara kuangalia dirishani. Kanini alikunja nguo zake pamoja naye, na kila sweta alilokunja alilikunja kama anamvisha maiti.

Ndululu alipata habari, akaja, akakaa kwenye kiti cha nje na kofia magotini.

"Na pumzi ikikukataa huko?"

"Itanikataa nikiwa kwetu."

"Hapa pia ni kwenu. Nilikuonyesha mizinga."

"Watu wamenikubali, ndugu yangu. Nyuki ndio wamekataa. Na mimi niliuliza nyuki."

Mzee aligeuzageuza kofia. "Mimi nina ukoo mkubwa sana," alisema mwishoni. "Yote iko kwa simu. Wewe ndiye wa kwanza kupanda na mimi kwa hii mlima tangu mama wa watoto akufe." Kisha akaona aibu kwa kusema mengi, akasimama, akaaga, akasahau kunywa chai.

Siku ya mwisho kabla ya safari, Muthoki alipanda peke yake kuuteremsha mzinga wa babake. Alikuwa bado hajauona aliposikia mvumo.

Alisimama. Akasogea hatua kwa hatua. Nyuki walikuwa wakiingia na kutoka kwenye matundu, wengi, wakiwa wamebeba chavua ya manjano miguuni, wakipigana vikumbo mlangoni kama watu wa siku ya soko. Mzinga ulikuwa umejaa. Aliweka mkono kifuani na kusema jina la Mungu. Aliinua macho kwenye alama, akaiona, akaishukuru.

Halafu akaiangalia tena. Mistari ilikuwa imenyooka mno. Babake alitumia mkono wa kushoto na mstari wa chini siku zote ulimponyoka kidogo. Akasogea mpaka nyuki wakaanza kumzunguka kichwa. Gogo lilikuwa la mukau. Kamba ilikuwa imefungwa kwa ule ufundi alioujua tangu Septemba. Chini, kwenye udongo wenye unyevu, palikuwa na alama ya kitu kizito kilichotuliwa, kikainuliwa, kikatuliwa tena mbele kidogo, hivyo hivyo njia yote kutoka nyuma ya jabali. Mzinga uliojaa asali na nyuki ni mzigo wa vijana wawili. Huu ulikuwa umebebwa na mtu mmoja anayehitaji kupumzika. Na kwenye kichaka, mbali kidogo, ilikuwa kofia ya kanisani, imekanyagwa, kama kofia ya mtu aliyelazimika kukimbia.

Muthoki aliketi kwenye jabali. Kwa hiyo nyuki hawakumchagua. Walikuwa hata hawajui kama wamehamishwa. Walikuwa wanaendelea na kazi yao. Aliyemchagua alikuwa mtu. Alikuwa ameondoa mzinga wake mwenyewe wenye asali, ule aliokuwa aurine baada ya Krismasi, akaubeba gizani kwa magoti ya uzee, akaubadilisha na ule wa Nthiwa, akaumwa na nyuki, ili jibu lao liwe ndiyo. Muthoki alifikiria ile mila aliyoitunga kwenye pikapu. Alikuwa amedanganya kidogo, na sasa alikuwa amedanganywa kwa upendo mkubwa kiasi hiki. Alitafuta moyoni kama ana haki ya kukasirika, akakuta hana, na hata angekuwa nayo asingeitaka. Aliokota kofia, akaipangusa vumbi, akaiweka ndani ya kikapu chini ya leso. Aliposhuka hakuharakisha. Alikuwa anaangalia miti.

Kanini alikuwa uani akianika nguo.

"Nyuki wameingia," Muthoki alisema.

Kanini aliachia shati la Ben likaanguka mchangani. Alimkumbatia mkwewe kwa nguvu zote, mikono ikiwa na sabuni, akisema asante, asante, kana kwamba ni yeye aliyeingia ndani ya mzinga. Ben alitoka na kuuliza kuna nini, alipoambiwa akaenda moja kwa moja kuteremsha masanduku kwenye pikapu, asije mtu akabadilisha mawazo.

Jumapili, baada ya ibada, Ndululu alikuwa amejibanza nyuma ya waumini karibu na mlango, kichwa wazi. Jicho la kushoto lilikuwa limefumba kabisa na mdomo umeumuka upande mmoja. Watoto walikuwa wakimwangalia kwa heshima.

"Ndugu yangu," Muthoki alisema, "uso umefanya nini?"

"Mwiba," alijibu Ndululu kwa ule upande wa mdomo uliobaki. "Nilipita vibaya."

"Mwiba wa mti gani?"

Mzee aliyeujua kila mti wa Kavumbu kwa jina alifikiri kwa muda mrefu. "Umenitoka," alisema.

Muthoki akatoa kofia kwenye kikapu. Alikuwa ameifua na kuipiga pasi. Akamvika Ndululu kwa mikono miwili, akairekebisha ikae sawa juu ya ule uvimbe, kama vile dada anavyomrekebisha kaka mbele ya watu. Ndululu alisimama kama mtoto anayesubiri kuchapwa. Jicho moja lilimwangalia, likajua amejua.

"Kwa hivyo unakaa?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Nyuki wamesema," Muthoki alijibu. "Mimi ni nani nibishane nao? Kesho nitakuja nikukande na maji ya chumvi, halafu unionyeshe huo mti wa miiba, nisije nikaukaribia."

Ndululu alicheka, akashika shavu kwa maumivu, akacheka tena. Wakatoka pamoja juani, wakafuata njia ya kwenda kwa Ben, ambako Kanini alikuwa ameshaweka chai motoni, na njia yote walibishana kama mvua hii itafika Januari.